Karakana ya magita pale Sinde, Mbeya: nimeng'olewa freti zote, na haya ndiyo niliyoyaona

Kwa wenye haraka: kazi ni safi, bei ni ya haki, tarehe za ahadi usizishike sana, na kama wewe ni mtu wa kupiga besi huku unachungulia simu, hela yako kanunulie spika. Wengine vuteni kiti, maana nina maneno mengi.

Mimi ni mpiga besi. Siku za kazi nauza vitenge Mwanjelwa, Jumapili nipo na kwaya, na Jumamosi nyingine nipo na vijana wa bendi kwenye sendofu na harusi, kuanzia Uyole mpaka Mbalizi, mara mojamoja Tukuyu. Nimezaliwa Kihesa, Iringa, nikaolewa huku, na katika vyombo vyote nilivyokuja navyo kimoja tu mama mkwe hakukielewa: gita la nyuzi nne. Siku hizi ndiye wa kwanza kulalamika kwenye sherehe kwamba besi haisikiki.

Besi yenyewe ni ya mtumba, umbo la Jazz Bass ya kampuni ya Fender, nilinunua Kariakoo, na jina la kiwanda lilishafutika kichwani mwa shingo kabla haijanifikia. Freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gita, za chini zilikuwa zimeliwa na nyuzi mpaka zimepata mabonde. Mtu mwenye akili za kawaida angebadilisha freti. Mimi nilitaka zitoke zote na zisirudi, kwa sababu kuna sauti niliyokuwa naisaka muda mrefu, na sauti hiyo haitoki kwenye gita lenye freti hata uliombee.

Sauti yenyewe niliisikia kwa Bakithi Kumalo. Ni Msauzi, amekulia Soweto, Johannesburg, ndiye aliyepiga besi kwenye Graceland, albamu ya mwimbaji wa Marekani Paul Simon ya mwaka 1986 ambayo sehemu yake ilirekodiwa hukohuko Afrika Kusini. Sisi Mbeya tuna Soweto yetu na sijawahi kusikia mtu kutoka huko akipiga vile, lakini bado nina imani. Watu wengi wanamjua Kumalo kwa kile kipande kifupi cha besi peke yake kwenye wimbo wa You Can Call Me Al, kinachoporomoka halafu kinapanda tena. Nusu yake ya pili ni ile nusu ya kwanza, imegeuzwa nyuma mbele studio. Kuna vijana nawajua walikesha wakijifunza kipande chote kwa mkono na sikuwa na moyo wa kuwaambia. Kilichonishika mimi ni vitu vyake vya polepole: noti inaanza chini kidogo ya mahali pake, inapanda, inakaa, halafu inatetema. Besi inaongea na mwimbaji badala ya kumhesabia.

Historia nitaipitia mbio. Mwaka 1951 kampuni ya Fender ilitoa besi ya umeme yenye freti ikaiita Precision, kwa sababu freti zilimhakikishia mpigaji noti sahihi bila kuhangaika. Kabla ya hapo mpiga besi alibeba lile dabo besi refu kumzidi yeye mwenyewe, halina freti, kila noti unaitafuta kwa sikio. Baada ya watu kukombolewa na freti, wakaanza kuzing'oa. Bill Wyman wa Rolling Stones, bendi ya roki ya Uingereza, alizitoa kwenye besi yake ya bei rahisi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kampuni ya Ampeg wakaanza kuuza besi ya kiwandani isiyo na freti mwaka 1966, Fender nao wakafuata mwaka 1970. Binadamu haridhiki, na kwenye hili nipo upande wake.

Mtu akiniambia kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, namwuliza kama amewahi kutazama udi kwenye taarabu. Udi hauna freti. Fidla haina freti. Vikundi vya Zanzibar, Nadi Ikhwan Safaa wa tangu 1905 na Culture Musical Club, vinasimamisha dabo besi nyuma ya kwaya na hakuna anayeshangaa. Zeze la Wagogo, ambalo marehemu Hukwe Zawose alilizungusha duniani, nalo kidole kinatafuta noti chenyewe kwenye waya. Nilipowaambia vijana wa bendi ninachotaka kufanya, wakacheka wakaipa besi jina la Kipara. Jina limeganda, na mimi nitalitumia humu.

Sasa tuje kwa fundi.

Karakana haina bango. Ni chumba nyuma ya mashine ya kusaga, Sinde, na ukimwambia bodaboda yeyote wa pale "kwa fundi magita" anakufikisha. Ndani kuna meza moja, jiliwa moja, taa moja ya kuning'inia, na magita ya watu yamepangwa ukutani, mengine yana vumbi la kuonesha kwamba wenyewe wamehama mji au wameacha muziki. Fundi ni mzee wa Rungwe, alikulia kwenye matarumbeta ya kanisa, mikono yake inanuka gundi muda wote. Jina lake silitaji kwa sababu hajaniomba nimtangaze, na akisoma haya atasema nimeongeza chumvi.

"Kamwene, mama," alinisalimia kwa Kihehe makusudi, akijua natoka Iringa.

"Ndaga, mzee wangu. Nimekuletea mgonjwa."

Hakuuliza mgonjwa anaumwa nini. Alinipa kigoda, akaniambia nipige pambio lolote. Nikapiga. Halafu akasema, "Sasa funga macho. Panda na waya wa mwisho, huu mwembamba, do re mi mpaka juu, usirukie waya mwingine." Nikapanda. Alikuwa amenipa mgongo, anakuna kidevu. Nilipomaliza akageuka.

"Masikio unayo. Ila mkono wako mvivu, unasubiri freti ikusahihishie. Nikizing'oa hizi, hakuna wa kukusahihishia."

"Ndicho ninachotaka, mzee."

"Kalale kwanza. Ukiamka bado unataka, urudi."

Alikataa hela yangu, nimeishika mkononi. Nimeshakwenda kwa mafundi wa kila aina katika mji huu, wa cherehani, wa friji, wa paa, na hakuna aliyewahi kuniambia nikalale kwanza. Kwa hilo peke yake nilishampa nyota nne kabla hajashika koleo.

Nilirudi, na safari hii nilikaa nitazame. Ni kazi ya subira na sitasahau ilivyofanyika. Anapitisha pasi ya mafundi redio, ile ya kuyeyushia risasi, juu ya freti moja mpaka chuma kipate moto na gundi ya chini ilainike. Halafu anaingiza koleo aliyoisaga mdomo mpaka ukawa bapa kabisa, anaminya upande mmoja wa freti, inanyanyuka kiasi cha unywele, anasogea mbele kidogo, anaminya tena. Havuti. Ukivuta, meno ya freti yanatoka na nyama ya mbao. Kwenye freti ya saba kipande kidogo cha ubao kilibanduka hata hivyo, mimi sikukiona. Yeye ndiye aliyesimama, akanionesha chini ya taa, akasema, "Hapa pametoka, nitapaziba na vumbi la ubao huuhuu na gundi, lakini ukijua pa kutazama utapaona." Ni kweli, napaona. Ningependa pasionekane, ila nilichopenda zaidi ni kwamba niliambiwa.

Freti zikishatoka zinabaki nyufa, na nyufa zikiachwa wazi shingo inalegea na kupinda. Zinajazwa. Hapo utaulizwa unataka mistari au hutaki. Ukijaza kwa mbao ya rangi ileile, ubao unakuwa mweusi mtupu na wapenzi wa usafi wanakusifu. Ukijaza kwa kitu cheupe, unabaki na mistari pale freti zilipokuwa. Kuna wapigaji wanaona mistari ni aibu, ni magongo ya kutembelea. Mimi napiga kwenye kanisa ambalo umeme ukikatika tunaendelea na taa ya simu ya katibu wa kwaya, kwa hiyo nilichukua mistari, plastiki nyeupe nyembamba, na sina aibu yoyote. Mwenye kutaka kupiga gizani bila mistari na apige, tutamsikia.

Kuna jambo moja hapa ambalo wengi wanaojing'olea wenyewe nyumbani hawalijui, na lilinithibitishia kwamba huyu mzee anaelewa anachofanya. Kwenye gita lenye freti unaweka kidole nyuma ya freti, katikati ya chumba, yaani ile nafasi kati ya freti mbili, na freti ndiyo inayokata urefu wa waya. Vile vidoti vya pembeni ya shingo vimewekwa katikati ya chumba kwa sababu hiyo. Ukishang'oa freti, kidole chenyewe ndicho kinachokata waya, kwa hiyo lazima kikae juu ya mstari wenyewe, na vidoti vya zamani vinakuwa vya uongo: ukivifuata unapiga noti iliyoshuka karibu robo tuni, yaani nusu ya hatua ya freti moja. Fundi aliviziba vyote, akatoboa vipya ukingoni, mstari kwa mstari. Sikumwomba. Alisema mtu akiwa amesimama na gita anauona ukingo kuliko anavyouona uso wa ubao, na mistari ikitazamwa kutoka juu kwa pembeni inadanganya kidogo.

Tulibishana kuhusu epoksi. Kila anayeingia kwenye mambo haya anakutana na mpiga besi Jaco Pastorius, na mimi nilikutana naye vibaya, mpaka nyumbani wakawa wanalijua jina lake. Alikuwa mtu wa Fort Lauderdale, Florida, mji wa maboti. Akachukua Jazz Bass yake ya mwaka 1962, ikatolewa freti, nyufa zikajazwa, kisha ubao ukapakwa epoksi ya kupakia maboti mpaka ukawa mgumu unang'aa. Alijiunga na bendi ya jazi ya Weather Report mwaka 1976, mwaka huohuo akatoa albamu yake ya kwanza, na alifariki 1987 akiwa na miaka 35 tu. Wapiga besi wamegawanyika kabla yake na baada yake. Kwa hiyo nami nilitaka epoksi.

"Huyo alikuwa anafunga nyuzi gani?" fundi akauliza.

"Zile za kawaida, zenye mikwaruzo."

"Na wewe?"

"Nimeagiza bapa."

"Sasa mama, rangi ya boti ya nini na wewe huendi ziwani Matema?"

Hoja yake ina uzito. Nyuzi za kawaida zimezungushiwa waya wa duara, zina migongo, na kila unapotetemesha kidole zinausaga ubao. Ndiyo maana ubao wa Jaco ulihitaji ngao. Nyuzi bapa zimezungushiwa utepe laini, haziumi mbao, na sauti yake ni nene, ya zamani, karibu na dabo besi. Unachopoteza ni ule mng'ao wa juu. Alinipaka mafuta tu, akasugua, akasugua tena. Nilikubali huku moyoni nikimlilia Jaco, na sasa hivi nikisikia Kipara ikiimba kwenye ukuta wa kanisa siulizi tena habari za epoksi.

Baada ya hapo ndipo ufundi wenyewe ulipoanza, maana kung'oa freti ni nusu ya kazi. Ubao ulisuguliwa kwa kibao cha msasa chenye mbinuko uleule wa shingo, polepole, kwa urefu wote, mpaka pasiwe na kilima wala shimo. Freti inasamehe bonde la ubao. Kipara hakisamehi, noti inakufa palepale. Akatengeneza kizingiti kipya cha mfupa wa ng'ombe kichwani mwa shingo, akakata njia za nyuzi chini kabisa mpaka zinakaribia kugusa ubao, unapita karatasi tu. Kwenye gita lenye freti huwezi kushusha hivyo, ila hapa ndiyo siri ya ile sauti ya "mwaa": waya ukiwa chini unaupapasa ubao mbele ya kidole unapotetemeka, na noti inachanua baada ya kupigwa. Ukitaka kuisikia vizuri piga karibu na daraja, kile chuma cha mwilini mwa gita nyuzi zinapoishia.

Halafu mashine ya kusaga ikawashwa. Mtu wa kawaida angesubiri au angechomeka amplifaya. Yeye aliinua besi, akaibana pembe yake ya juu kwenye taya, akaanza kupiga huku amefumba macho. Mfupa unapeleka sauti kichwani moja kwa moja, kelele za nje zinakosa nafasi. Alinipa nijaribu. Mahindi yanasagwa mita chache kutoka nilipokaa na mimi nasikia waya wa E, ule mnene kuliko wote, mitetemo 41 kwa sekunde, ndani ya meno yangu. Tangu siku hiyo kwenye harusi zenye kelele nainamisha shingo najibana nayo, watu wanadhani nimepandisha mzuka.

Kwa wanaopenda namba: waya wa besi ya kawaida, kutoka kizingiti mpaka daraja, ni inchi 34, yaani milimita 864. Nusu tuni ya kwanza, yaani hatua ya freti moja, karibu na kizingiti ina milimita 48 na kitu. Ukifika karibu na mstari wa 12, katikati ya waya, nusu tuni imebaki milimita 26 hivi. Maana yake kidole kikikosea milimita moja huku juu, kosa linasikika mara mbili ya kule chini. Ndiyo sababu wanaoanza Kipara wanasikika wazuri kwenye noti nzito halafu wakipanda wanaanza kulewa. Daraja lilirekebishwa mpaka noti ya mstari wa 12 ikubaliane na ile sauti ya kioo unayoipata ukigusa waya palepale bila kuukandamiza. Alitumia sikio, kisha akaniruhusu nihakiki na programu ya simu. Zilikubaliana.

Sasa kanisani, ambako ndiko nilikokuwa na hamu napo.

Wana kwaya mtanielewa. Kwaya ikiimba bila kinanda, ile mi inayotoka vinywani mwa watu si mi ya kinanda. Watu wakisikilizana vizuri juu ya do, mi yao inatulia chini kidogo ya mi ya kinanda, kama sehemu 14 katika mia za nusu tuni, kwa sababu kinanda kimepangwa nusu tuni zote zilingane ili kiweze kuhamia ufunguo wowote, na sikio la binadamu halikuambiwa hivyo. Miaka yote nikiwa na freti, kila besi ilipotakiwa kukaa kwenye mi chini ya sauti zote, mimi nilikuwa sahihi kwa kiwanda na kwaya ilikuwa sahihi kwa Mungu, na tukisimama pamoja kulikuwa na kitu kinawasha. Mwalimu alikuwa anawalaumu alto. Maskini alto.

Jumapili ya kwanza na Kipara, tulipofika kwenye kituo cha namna hiyo kinanda kikiwa kimenyamaza, nilivuta kidole nyuma kiasi kisichoonekana kwa macho. Kule kuwasha kukaisha. Mwalimu hakusema kitu, aligeuza kichwa tu upande wangu, na alto mmoja akatabasamu bila kujua kwa nini. Kwaya ikishuka tuni, na kwaya yetu inashuka, hasa ubeti wa nne, nashuka nayo. Kinanda kikirudi hapo kuna kazi, kwa sababu lazima nimfuate mwenye kinanda, yeye hawezi kunifuata. Unachagua umsikilize nani, kila sekunde. Nilikuwa nachoka kichwa mwanzoni kuliko vidole. Hata kutetemesha ni kwingine: unaviringisha kidole kufuata urefu wa waya, kama mpiga fidla, ule wa kuvuta waya pembeni hauna kazi hapa.

Kwenye bendi mambo ni tofauti. Solo wetu alinitazama wiki ya kwanza akaniambia, "Mama Besi, na wewe umeanza kuimba?" Kwenye rumba za taratibu wanaipenda. Kwenye sebene nikikosa monita ya kujisikiliza, siitumii. Naazima ile ya bendi yenye freti. Nimelelewa na dansi, Iringa tulikuwa na Tancut Almasi Orchestra ya kile kiwanda cha kukata almasi, na heshima ya besi kwenye chemko naijua: watu wanachezea mguu wako, noti ikiyumba wanayumba nao. Drams ziko nyuma ya sikio, magita mawili yanashindana, mtu wa mitambo amekwenda kula pilau, halafu wewe utafute noti kwa sikio? Hapana. Na wale wa kupiga waya kwa dole gumba mpaka ulie "taa": ule mlio unatokana na waya kugonga freti za chuma. Kwenye mbao utapata "pu".

Malalamiko ninayo. Siku aliyoniambia besi itakuwa tayari haikuwa tayari, na iliyofuata pia. Simu hapokei akiwa na gundi mkononi, na gundi iko mkononi siku zote. Risiti hakuna, mwenye kutaka kuandikia kikundi au kanisa aje na daftari lake asainiwe. Vumbi la mashine linaingia, kwa hiyo besi ilirudi na unga kwenye funguo. Mlio wa "zzz" unaotoka kwenye sumaku za kudakia sauti ukisimama karibu na taa za rangi, nilimwomba autazame akakataa kata kata: "Umeme si wangu, nenda kwa fundi redio." Namheshimu kwa kujua mpaka wake, ila ilibidi nilipe mtu mwingine. Na nyuzi hauzi.

Bei, kwa yule atakayeuliza: kung'oa, kujaza, kusawazisha, vidoti vipya na kupaka mafuta ni 130,000. Kizingiti cha mfupa 20,000. Nyuzi bapa nimeagizia Dar zikaja na basi, 140,000, na hizo ndizo zilizoniuma zaidi, ingawa zinadumu kwa miaka. Jumla 290,000. Kutafuta besi ya kiwandani isiyo na freti nilijaribu kabla. Muuzaji mmoja wa Kariakoo aliniambia hilo gita ni bovu, kiwanda hakiwezi kusahau kuweka freti.

Ndani ya bei kuna marekebisho ya bure mvua zikianza. Hili msilidharau. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, kiangazi chetu ni kikavu na cha upepo, mbao inakauka na kunyooka. Mvua za Novemba na Desemba zikifika inakunywa unyevu na shingo inajikunja. Kwenye gita la freti utavumilia. Kwenye Kipara, waya ukipanda kidogo ile "mwaa" inapotea, ukishuka kidogo unakoroma. Nilirudi, akazungusha chuma cha ndani ya shingo kiasi kidogo sana, akaibana kwenye taya, akanirudishia. Hakudai hata soda, nikamwachia kitenge cha mkewe.

Nenda asubuhi mapema kabla mashine haijawashwa, nyuzi uje nazo, na ukiambiwa ukalale, kalale.

Kazi yangu inayofuata kwake ni ubao mpya wa mpingo juu ya shingo hiyohiyo. Mpingo ni mzito unazama majini, huko nje wanatengenezea klarineti na obo, na wetu unatoka Lindi, Kilwa, Mtwara, safari moja ya malori kutoka hapa. Fundi amesema utamlia patasi zake zote na ndiyo maana bei ni 180,000 ya kazi peke yake. Mbao nije nayo mwenyewe, iwe imekauka miaka, na iwe na karatasi za kihalali za misitu, maana yeye, amesema, kesi ya mpingo hataki.